Maswali ya Wasomaji: Mafunzo na Vyeti kwa Watakasaji wa Vifaa vya Hospitali

Barua tulizozichagua kwa toleo hili zote zinahusu kitengo cha hospitali kinachopokea vifaa vilivyotumika, kuvisafisha, kuvikagua, kuvifunga na kuvitakasa ili vitumike tena kwa mgonjwa mwingine. Wasomaji wanauliza mtu wa kitengo hicho asome nini, apate cheti cha namna gani, na cheti hicho kina uzito gani. Tumezifupisha barua na kuacha majina ya waliotuandikia.

Ndugu Mhariri, mimi ni mfanyakazi wa usafi hospitalini na nimemaliza elimu ya sekondari. Ningependa kuhamia kitengo cha kutakasa vifaa vya upasuaji, lakini wenzangu wananiambia kwamba kazi ile ni ya wauguzi. Je, ni lazima nisomee uuguzi kwanza? Na katika mafunzo hayo hufundishwa nini hasa?

Si lazima. Ziko hospitali ambazo kwa utaratibu wao huwapanga wauguzi katika kitengo hiki, kwa hiyo anza kwa kumwuliza mkuu wa kitengo kanuni za ajira za mahali ulipo zinasemaje. Lakini mifumo ya vyeti inayofahamika zaidi humpokea mtu asiye muuguzi, mradi apitie masomo na mazoezi ya vitendo chini ya msimamizi. Uzoefu wako nao si wa kudharauliwa, kwa maana umekwisha kuzoea kutenganisha kilicho safi na kilicho kichafu, jambo ambalo wanaotoka moja kwa moja darasani huchukua muda kulizoea.

Mafunzo yaliyopangwa vizuri hufuata njia anayopitishwa kifaa chenyewe, nayo ni njia ya upande mmoja: kifaa huingia katika chumba cha kuoshea, ambamo hewa huvutwa ili isienee kwenye vyumba vingine, kisha huingia katika chumba safi cha ukaguzi na ufungaji, halafu katika otoklevu, yaani mashine ya kutakasa kwa mvuke, halafu ghalani, na hakirudi nyuma isipokuwa kimekutwa na kasoro. Kabla ya kugusa chochote, mwanafunzi husoma elimu ya vijidudu kwa kiasi cha kumwezesha kuelewa kwa nini spora za bakteria, yaani hali yao ya kujifunga ndani ya ganda gumu, huvumilia yale yanayoua vijidudu vingine. Husoma pia mgawanyo uliobuniwa na Mmarekani Earle Spaulding katikati ya karne iliyopita, ambao mpaka leo ndio msingi wa maamuzi ya kila siku. Kwa mgawanyo huo, kifaa kinachoingia ndani ya tishu au mishipa ya damu lazima kitakaswe kabisa, yaani kisibaki na kijidudu wala spora hai. Kinachogusa utando laini wa ndani, kama wa koo au wa utumbo, kinahitaji angalau kuuliwa vijidudu kwa kiwango cha juu. Na kinachogusa ngozi isiyo na jeraha, kama mkanda wa kupimia shinikizo la damu, hutosha kusafishwa na kuuliwa vijidudu kwa kiwango cha chini.

Unapochagua chuo, ningekushauri uchunguze zaidi jinsi kinavyofundisha kuosha. Mtaala unaoanza na otoklevu na kuiacha kazi ya sinki ijifunzwe njiani mimi huutilia shaka, kwa sababu hakuna mashine inayoweza kurekebisha kifaa kilichooshwa vibaya. Damu iliyokaukia katika bawaba ya mkasi huwafunika vijidudu na kuuzuia mvuke usiwafikie, na kifaa kinaweza kutoka kwenye otoklevu kikiwa na joto, kikavu na king'aavu, huku kikiwa bado ni hatari. Kwa hiyo mwanafunzi anapaswa kutoka sinki akijua, kwa akili na kwa mikono, kwamba suuza ya kwanza si ya maji ya moto, kwa kuwa moto hugandisha protini. Kwamba kifaa hakilowekwi katika maji ya dripu yenye chumvi, kwa kuwa chumvi huitoboa chuma cha pua na kuacha vishimo ambavyo baadaye huwa maficho ya uchafu. Kwamba sabuni yenye vimeng'enya hupimwa na kutumiwa kwa muda na joto alilolitaja mtengenezaji, si kwa kukisia. Kwamba kila bawaba hufunguliwa na kila kinachofunguka hufunguliwa. Na kwamba kusugua hufanyika chini ya maji ili matone yasiruke hewani. Vifaa vyenye mirija hudai brashi yenye upana unaolingana na tundu, kwani iliyo nyembamba hupita bila kugusa kuta na iliyo nene haifiki mwisho. Ziko pia mashine za mawimbi ya sauti, ambazo huzalisha vipovu vidogo vinavyong'oa uchafu mahali ambapo brashi haifiki, lakini kifaa huingizwa humo baada ya uchafu wa wazi kuondolewa, si kabla.

Baada ya hapo hufuata ukaguzi kwa kutumia lenzi yenye mwanga, majina na kazi za mamia ya vifaa, upangaji wa seti kulingana na orodha, na ufungaji. Majina ndiyo yanayowachosha wanafunzi wengi, na dawa yake ni kuvishika vifaa mara kwa mara badala ya kutazama picha. Kuhifadhi na kusambaza ni sehemu fupi.

Mheshimiwa Mhariri, nimeona tangazo la kozi ya mtandaoni linalosema kwamba baada ya wiki sita nitakuwa mtakasaji wa vifaa mwenye cheti kinachotambulika kila mahali. Ada yake si ndogo. Je, niilipe?

Usilipe kabla hujajua unachonunua, kwa kuwa katika fani hii huzungumzwa karatasi mbili zinazofanana kwa sura lakini zisizolingana kwa uzito. Ya kwanza hutolewa na chuo au mwenye kozi kuthibitisha kwamba umesoma masomo yake mpaka mwisho. Ya pili hutolewa na bodi ya mitihani isiyofundisha darasani kwako, baada ya kukupima kwa mtihani wake na kuhakikisha kwamba umefanya kazi kwa mikono. Mwajiri anapotaka mtakasaji mwenye cheti, kwa kawaida anakusudia hiyo ya pili. Kozi ya wiki sita inaweza kukuandaa kwa mtihani wa bodi, na pengine ikakuandaa vizuri, lakini yenyewe haiwezi kuwa mtihani huo.

Mfano wa Marekani unasaidia kulielewa jambo hili, maana huko mfumo umekaa muda mrefu. Chama cha HSPA, ambacho kabla ya mwaka 2021 kilijulikana kama IAHCSMM, hutoa cheti cha ngazi ya kwanza kiitwacho CRCST. Mtahiniwa hujibu maswali 150 ya kuchagua jibu kwa muda wa saa 3, na pamoja na kufaulu huko lazima awe na saa 400 za kazi ya vitendo zilizothibitishwa na msimamizi. Saa hizo nazo hazitumiwi atakavyo mtu: 120 ni za kuosha na kuondoa uchafuzi, 120 ni za kuandaa na kufunga, 96 ni za kutakasa na kuua vijidudu, na zinazobaki hugawanywa kwa ghala, ubora na mashine. Asiye na saa hizo huruhusiwa kufanya mtihani kwanza na kupewa cheti cha muda, kisha ana miezi 6 ya kuzikamilisha. Akishindwa, cheti hicho hufutwa. Hapo ndipo wengi waliosoma mtandaoni hukwama, kwa sababu hospitali husita kumpokea mwanafunzi asiyetumwa na chuo chenye makubaliano nayo. Bodi nyingine ya huko, CBSPD, hutoa cheti cha CSPDT, ambacho huhuishwa kila baada ya miaka 5, wakati CRCST huhuishwa kila mwaka kwa kuonyesha kwamba mwenye cheti ameendelea kujifunza.

Hata huko Marekani kwenyewe, cheti si sharti la kisheria kila mahali. Majimbo machache, yakiwemo New Jersey, New York, Connecticut, Tennessee na Pennsylvania, yameweka sheria inayokidai. Kwingineko ni uamuzi wa hospitali, ingawa hospitali nyingi hukitaka. Ujerumani ina njia tofauti: chama cha DGSV kimeweka kozi za ngazi kwa ngazi, ya chini kwa mtenda kazi na ya juu kwa anayesimamia kitengo kizima, na mtu hupanda kadiri majukumu yake yanavyoongezeka. Kwa hiyo cheti kinachotambulika kila mahali, kama tangazo lako linavyodai, hakipo. Kipo cheti kinachotambuliwa na mwajiri fulani katika nchi fulani, na huyo ndiye wa kuulizwa kwanza.

Ukishazungumza na mwajiri, mwandikie mwenye kozi umwulize anakuandaa kwa mtihani wa bodi gani, nani atakutafutia hospitali ya mazoezi, na nani atatia saini saa zako. Akikujibu maswali mawili ya mwisho kwa kusema kwamba ni jukumu lako mwenyewe, basi bei inayostahili ni ya vitabu na maelezo tu. Kama unachohitaji kwa sasa ni kujua tu fani ilivyo, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2016 mwongozo mzima kuhusu usafishaji na utakasaji wa vifaa tiba, nao husomwa bila malipo.

Ndugu Mhariri, mimi ni muuguzi, na nimefanya kazi katika chumba cha utakasaji kwa muda mrefu kuliko vijana wanaoletwa sasa na vyeti vyao. Hospitali inanitaka nikae kwenye mtihani pamoja nao. Sioni nitakachojifunza huko, na kwa kweli naona ninavunjiwa heshima. Mnasemaje?

Tunakuelewa, na tunakubali kwamba mikono iliyozoea kazi haipatikani darasani. Lakini uzoefu una udhaifu mmoja, kwamba humfundisha mtu kile kilichozoeleka katika chumba chake, kiwe sahihi au kisiwe. Tuchukue tepu ya otoklevu, ile inayobadilika kuwa na mistari myeusi. Watu waliokaa miaka mingi kazini huitazama, wakaridhika, wakapeleka kifurushi thieta, yaani chumba cha upasuaji. Tepu hiyo kazi yake ni kutofautisha kifurushi kilichopita katika joto na ambacho hakijapita. Haisemi lolote kuhusu hali ya ndani ya kifurushi, na ndiyo maana huwekwa kiashiria kingine cha kemikali katikati ya seti, na kwa vipindi maalumu hutumiwa kiashiria cha kibiolojia chenye spora hai za bakteria aitwaye Geobacillus stearothermophilus, aliyechaguliwa kwa sababu huvumilia mvuke kuliko vijidudu vinavyosababisha maradhi. Spora hizo zikifa, kuna ushahidi kwamba mashine imefanya kazi yake. Na kwa kifaa kitakachobaki mwilini, kama chuma cha kuungia mfupa, mzigo hupaswa kusubiri jibu hilo kabla ya kutolewa.

Mtihani utakuuliza pia nini hufanyika jibu likirudi likionyesha kwamba spora ziko hai. Kurudia mzigo huo mmoja hakutoshi: otoklevu husimamishwa, na mizigo yote iliyopita humo tangu kipimo cha mwisho kilichokuwa salama hutafutwa na kurudishwa. Ambaye hajaandika namba ya mzigo juu ya kila kifurushi hataweza kuitafuta. Ukiwa umekuwa ukijaza daftari la namba za mizigo bila kuelezwa sababu, hiyo ndiyo sababu.

Upo tena mvuke wenyewe. Nyuzi joto 121 kwa dakika 30 katika otoklevu ambayo hewa hutoka kwa kusukumwa na mvuke, au nyuzi 132 kwa dakika 4 katika ile inayonyonya hewa kwa pampu, au nyuzi 134 kwa dakika 3 kama inavyofanywa katika nchi nyingi za Ulaya, ni viwango vinavyohesabiwa kuanzia pale chumba cha mashine kinapofikia joto hilo, si kuanzia mlango unapofungwa, wala havijumuishi muda wa kukausha. Hewa ikibaki katikati ya vifurushi, mvuke hauwezi kugusa chuma na kukipa joto lake, hata kama kipimajoto cha mashine kinaonyesha nyuzi zote zinazotakiwa. Kipimo cha Bowie-Dick, kilichobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, kiko kwa ajili hiyo tu: hufanywa kila siku kabla ya mzigo wa kwanza, mashine ikiwa imepashwa joto na bila kitu kingine ndani, na karatasi yake ikibadilika rangi kwa mabaka, mashine haitumiki. Hiki hakipimi utakaso, bali hupima kama hewa imetoka. Nawe labda umewahi kuona kifurushi kilichotoka na unyevu kikiachwa mezani kikauke chenyewe kisha kikatumika. Mtahiniwa akijibu kwamba hilo linafaa, anapoteza alama, na kwa haki, kwa sababu unyevu huvivuta vijidudu kutoka nje na kuvipitisha kwenye kitambaa au karatasi ya kufungia. Seti hiyo huanza upya.

Kama mambo yote hayo unayajua na unaweza kueleza sababu zake, mtihani hautakusumbua. Tuko upande wako kwa jambo moja: hospitali inayomtaka mtumishi wake wa siku nyingi akafanye mtihani inapaswa kumlipia ada, kumpa muda wa kusoma ndani ya saa za kazi, na kumhesabia saa zake za miaka iliyopita kama mazoezi ya vitendo pale ambapo bodi inaruhusu. Omba hayo kwa maandishi.

Mhariri, binti yangu amepata nafasi ya mafunzo haya na mimi kama mzazi nina hofu ya maambukizi. Je, kazi hii ni salama?

Mzazi mwenzetu, hatari ipo na inajulikana, na kwa hiyo inazuilika. Kubwa zaidi ni kujichoma au kujikata kwa kifaa chenye damu, na pili ni matone ya maji machafu machoni na mdomoni. Hakikisha binti amekamilisha chanjo ya homa ya ini aina ya B kabla hajagusa sinki. Chuo kisichouliza habari za chanjo si cha kuaminiwa. Katika chumba cha kuoshea anapaswa kupewa glovu nene ndefu, gauni lisilopitisha maji, barakoa pamoja na ngao ya uso, na viatu vilivyofunikwa, na afundishwe kutotumbukiza mkono ndani ya beseni la vifaa asivyoviona. Kama hospitali hutumia gesi ya oksidi ya ethilini kwa vifaa visivyohimili joto, uliza habari za uingizaji hewa na vipima gesi, maana gesi hiyo imethibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Ndugu Mhariri, ninasimamia kitengo cha utakasaji, na mwaka huu watumishi wangu wote wamepata vyeti. Uongozi unaona kwamba bajeti ya mafunzo sasa inaweza kuondolewa. Niwajibu nini?

Wajibu kwamba cheti kilimpima mtumishi kwa vifaa vilivyokuwa katika vitabu siku ya mtihani, na kwamba hakuna bodi iliyompima kwa otoklevu mliyo nayo, kwa sabuni mnayoinunua, wala kwa seti za daktari mpya atakayekuja na vifaa vya kuazima kutoka kwa msambazaji. Hayo ni ya hospitali kuyapima yenyewe, mtumishi akianza kazi, kisha angalau kila mwaka, na kila kinapoingia kifaa kipya, kwa kumtazama akifanya huku msimamizi ameshika maelekezo ya mtengenezaji. Karatasi ya maswali haitoshi kwa kazi ya mikono.

Ukitaka hoja itakayoeleweka na watu wa fedha, wape ya endoskopu, ule mrija wenye kamera unaoingizwa mwilini kutazama viungo vya ndani. Mwezi Februari 2015 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kuhusu endoskopu za duodeni (sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba), kwa kuwa muundo wa kijiwiko, kile kisehemu kinachoinuka na kushuka kwenye ncha yake, uliufanya usafi kuwa mgumu, na wagonjwa walikuwa wamepata maambukizi ya bakteria sugu hata pale ambapo maelekezo yalikuwa yamefuatwa. Tangu wakati huo maelekezo ya watengenezaji yamebadilishwa, na mtu aliyepata cheti kabla ya mabadiliko hayo bila kuendelea kusoma angekuwa bado anafuata yale ya zamani kwa uaminifu kamili. Endoskopu hupimwa kama inavuja, husuguliwa kila mfereji, huloweshwa, husuuzwa, kisha hukaushwa kwa hewa ya kusukumwa, na hatua ya kukausha, ambayo watu wenye haraka huipunguza, viwango vya Marekani vinaitaka ifanyike kwa dakika 10 angalau. Ndiyo maana huko bodi zote mbili, HSPA na CBSPD, zina vyeti vya pekee kwa wanaoshughulikia endoskopu, na kama kitengo chako kinazipokea, mtumishi mmoja au wawili kuandaliwa kwa cheti cha namna hiyo ni matumizi ya kwanza ambayo ningeyaombea bajeti.

Kwa mengine, kusanya rejesho za thieta za miezi michache iliyopita: seti zilizopungukiwa na kifaa, zilizokuwa na unyevu, zilizokutwa na damu au kufungwa kwa karatasi iliyotoboka. Zitakuonyesha mafunzo ya mwaka ujao yaelekezwe wapi, na ukiziweka mbele ya uongozi pamoja na muda wa upasuaji uliopotea kwa kila rejesho, mazungumzo ya bajeti yatakuwa na kitu cha kusimamia.